NANI MGENI CHUONI?



Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu akishashika jembe pamoja nawe, ugeni umekwisha. Lakini katika ofisi za vyuo vikuu hesabu ni nyingine. Huko mtu aweza kulima miaka thelathini, kisha mwanawe akaambiwa alipe ada ya mgeni, ambayo katika vyuo vingi ni kubwa kuliko ya mwenyeji.

Chukueni mfano wa mwanachama wetu mmoja, mkazi wa Kibokoni, aliyefanya kazi Kilindini tangu ujana wake. Mkewe ni wa Unguja. Binti yao alizaliwa Unguja kwa bibi yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, akaletwa Mombasa angali ananyonya. Amesoma hapa tangu chekechea, na mtihani alioufanya ni wa Kenya. Alipokwenda kujiandikisha chuo, karani alitazama cheti cha kuzaliwa, akaona neno Zanzibar, akamwandika katika safu ya wageni. Hakumwuliza anaishi wapi. Hakumwuliza babake hukatwa kodi na serikali gani kila mwisho wa mwezi.

Sisi hatumlaumu karani peke yake. Karani hufuata aliyoambiwa. Twawauliza wakubwa waliomwambia: mmetumia sheria gani? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, yasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa babake au mamake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Tena yasema hayo yawahusu hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Zamani mama Mkenya aliyezalia ng'ambo hakuweza kumpa mwanawe uraia. Leo anaweza. Hapa Mji wa Kale, ambako hakuna mtaa usio na mke wa Unguja, mume wa Maskati au shangazi wa Tanga, kifungu hicho si maneno ya mawakili. Ni mlango wa shule.

Mtatuambia: basi na alete kipande. Ndugu, neno hilo twalijua. Wazee wetu walivishwa kipande shingoni kwa sheria ya mwaka 1915, wakakipinga kwa kuwa kilikuwa kamba ya kumfunga mfanya kazi kwa tajiri wake. Leo mambo yamegeuka, kijana hulia kwa kukikosa. Wamakonde waliokuja kukata mkonge na miwa Kwale walikaa miaka mingi bila kipande mpaka serikali ilipowakubali mwaka 2016. Wapemba wa pwani yetu walingoja mpaka mwaka 2023. Watoto wao wote waliofaulu mtihani katika miaka hiyo hawakuweza hata kuomba mkopo wa serikali wa masomo, maana mkopo ni wa raia, na raia hujulikana kwa kipande. Je, walikuwa wageni? Wageni wa nani, na kwao ni wapi?

Haikuwa hivi siku zote. Chuo kile cha Tudor, ambacho tangu mwaka 2013 chaitwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, na vijana wakaanza kusoma mwaka 1951. Fedha zake zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa Mabohora na kwa serikali ya kikoloni. Kilijengwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki yote, si wa Kenya pekee. Kisha mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, na kote huko alikuwa kwao. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila serikali ikachukua kipande chake, na ukuta ukajengwa.

Sasa serikali zasema zabomoa ukuta. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010. Mwezi wa Mei mwaka 2017 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam, wakatangaza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Sisi wa bandarini twaona kwa macho yetu jinsi umoja unavyofanya kazi wakiutaka. Tangu mwaka 2014 ushuru wa kontena la Kampala hulipwa kabla halijatoka hapa Mombasa, kwa sababu nchi zimekubali kuwa na forodha moja. Sanduku la sabuni limepewa uwenyeji. Kijana mwenye daftari akivuka Lungalunga huambiwa: subiri, wewe ni mgeni.

Na mgawanyo huu wa ada mbili haukuteremshwa na Mungu. Uingereza iliuanza mwaka 1967: mwenyeji pauni 70, mgeni pauni 250. Lakini hata huko, kesi ya Shah na wenzake juu ya msaada wa masomo ilipofika Baraza la Malodi mwaka 1982, majaji walisema kipimo ni mahali mtu anapoishi kwa hiari yake na kwa kutulia, kama sehemu ya maisha yake ya kawaida. Serikali yao ikabana sheria mwaka uliofuata. Lakini mpaka leo mwanafunzi wa huko huulizwa ameishi wapi miaka mitatu iliyopita. Je, sisi tushindwe kuuliza swali hilo?

Wakubwa wa vyuo watajibu kwamba fedha ni haba, na ada ya mwenyeji ni nafuu kwa sababu mlipa kodi amekwisha kuchangia. Vema. Twalikubali neno hilo, na kwa neno hilo hilo twawashika. Kama sababu ni kodi, ulizeni kodi. Mfanya kazi aliyekatwa kodi kwenye mshahara miaka ishirini amekwisha kulipia kiti cha mwanawe. Kumtoza tena kama mgeni ni kumtoza mara mbili.

Basi twadai haya:

1. Kila chuo kitangaze kwa maandishi, kabla ya maombi kupokewa, ni nini kinachomfanya mtu kuwa mwenyeji.

2. Kipimo kiwe makazi ya mwanafunzi na kazi ya wazazi wake, si jina lake wala mji alikozaliwa.

3. Anayengoja kipande au hati ya uraia aandikwe mwenyeji mpaka jibu litoke, asirudishwe nyumbani.

4. Raia wa Jumuiya walipe ada moja na wenyeji, kama tangazo la mwaka 2017 lina maana yoyote.

5. Pawe na baraza la rufani, na ndani yake wakae wajumbe wa wanafunzi na wa wafanya kazi.

Mwanachama yeyote ambaye mwanawe ameandikwa mgeni alete karatasi zake afisini mwetu: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na hati za mshahara. Asione haya. Mmoja akienda peke yake dirishani hufukuzwa. Tukienda pamoja, dirisha litafunguliwa.

Jembe tumelishika siku nyingi. Watoto wetu si wageni.