Pampu mbovu haiombi viza

Leo nataka kugombana na watu, lakini kwanza tuelewane kuhusu pampu ya mafuta. Ugomvi bila kuelewa kifaa chenyewe ni kelele tu, na kelele tunazo za kutosha hapa Machakos.

Anza na boda boda. Pikipiki nyingi tunazopanda hapa mjini zina tanki juu na kabureta chini. Mafuta yanateremka yenyewe kama maji kutoka Milima ya Iveti. Hakuna pampu, hakuna waya, hakuna kompyuta. Yakipungua, mwendeshaji anageuza koki ya akiba na safari inaendelea.

Gari haliwezi kuishi hivyo. Tanki liko nyuma na chini, injini iko mbele. Lazima kuwe na kitu cha kuyapeleka mafuta. Magari ya zamani, zile Peugeot 504 ambazo wazee wetu wanazisifu mpaka leo, yalikuwa na pampu ndogo iliyofungwa kwenye injini. Ndani yake kulikuwa na utando uliopanda na kushuka kwa nguvu ya injini yenyewe, ukivuta mafuta kutoka nyuma. Sasa, kuvuta kuna udhaifu wake. Siku ya jua kali petroli hugeuka mvuke ndani ya paipu, pampu inavuta mvuke badala ya mafuta, gari linagoma mlimani. Ndiyo maana dereva wa zamani hakukosa kitambaa na chupa ya maji: alikuwa akiipooza pampu.

Magari yenye injekta yaliacha kuvuta, yakaanza kusukuma. Pampu ni ya umeme na inakaa ndani ya tanki, imezama kwenye petroli. Usiogope, hailipuki, kwa sababu humo ndani hakuna hewa ya kutosha kuwasha moto. Tena petroli hiyo ndiyo inayoipooza, na ndiyo maana fundi mzuri hukuonya usizoee kutembea na taa ya mafuta imewaka. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, sikiliza nyuma ya kiti: kuna mlio mfupi wa sekunde mbili hivi, vuuu, halafu kimya. Hiyo ni pampu inajaza shinikizo kwenye paipu.

Ndani ya pampu kuna gurudumu dogo la plastiki lenye mapengo pembeni, linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Gurudumu hilo ndilo linalosukuma mafuta kupitia chujio na paipu hadi kwenye injekta. Katika magari mengi madogo ya petroli shinikizo ni kama psi 44. Tairi lako linabeba psi 32 hivi. Basi ujue kigurudumu cha plastiki kinachoingia kiganjani kinafanya kazi kuliko upepo unaobeba gari zima.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linatuhusu sisi tunaoandika programu. Kompyuta ya injini haipimi mafuta kwa kijiko. Inapima muda. Inaiambia injekta "funguka" kwa milisekunde chache, kisha "funga". Hesabu yote imejengwa juu ya imani moja: kwamba shinikizo lipo. Katika magari mengi ya kawaida haina hata kipimo cha kuhakikisha. Pampu ikidhoofika, hesabu inabaki sahihi lakini jibu linakuwa uongo. Pampu ikisimama, programu inaendelea kutoa amri na hakuna anayeitikia.

Haya. Tuje kwenye ugomvi.

Januari 2020 kampuni ya Toyota ilitangaza kwamba magari karibu 700,000 nchini Marekani yana pampu ya mafuta inayoweza kusimama gari likiwa linakwenda. Kabla ya mwaka huo kwisha idadi duniani ilikuwa imepita milioni 3 kwa mbali. Pampu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Denso ya Japani, ambayo huwauzia wengi, kwa hiyo Subaru, Mazda na Honda nao wakaingia kwenye orodha. Desemba 2023 Honda peke yake iliita magari zaidi ya milioni 2.5 Marekani. Na Japani nako Toyota na Honda waliwatangazia wenye magari.

Kosa ni lipi? Ni kile kigurudumu. Plastiki ya baadhi yake haikuwa na uzito unaotakiwa. Ikikaa kwenye petroli inafyonza, inavimba, inaanza kugusa ukuta wa pampu. Kwanza injini inatetemeka, halafu inasitasita, halafu siku moja inazima na haiwaki tena. Dawa yake ni kubadilisha pampu, na kampuni inaibadilisha bila kumtoza mwenye gari hata senti.

Vizuri sana. Sasa niambie: magari haya yanakwenda wapi yakichoka kwao?

Yanakuja kwetu. Kenya inaishi kwa magari mitumba kutoka Japani. Sheria yetu, kiwango kile cha KEBS kinachoitwa KS 1515, inakataa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari ya 2018 na baadaye. Fanya hesabu ndogo: gari la 2020 linakubalika hadi 2027. Mengi ya magari yaliyoguswa na pampu hii ni ya kati ya 2017 na 2020. Yaani katika miaka ileile ambayo wenyewe Japani wanayauza, sisi tunafungua mlango. Si njama ya mtu. Ni kalenda tu.

Mjapani mwenye gari aliandikiwa barua na kampuni. Gari likiuzwa mnadani na kupakiwa melini, usajili wake Japani unafutwa, na pale ndipo barua inapofia. Mnunuzi wa Machakos hajulikani na mtu. Wakala wa hapa hajawahi kumuuzia gari hilo, hana jina lake, hana simu yake. Gari limevuka bahari na kasoro yake, na onyo limebaki bandarini Yokohama.

Hiki ndicho kinachoniudhi mimi kama mtu wa hifadhidata. Kila gari lina nambari ya chesisi. Nambari hiyo imeandikwa kwenye cheti cha kufutwa usajili Japani. Imeandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha KEBS. Imeandikwa kwenye karatasi za ushuru za KRA. Imeandikwa kwenye logibuku ya NTSA. Majedwali manne, ufunguo mmoja! Sisi kwenye kazi zetu tunalia usiku kucha tukitafuta ufunguo wa kuunganisha majedwali mawili ya mteja, na hapa serikali inayo manne yanayofanana herufi kwa herufi. Jedwali la tano, lile la magari yaliyoitwa, linashikwa na kampuni zenyewe, na tovuti zao za Japani zinakuruhusu kuandika nambari ya chesisi na kupata jibu palepale.

Fungua logibuku yako uangalie. Ina rangi ya gari. Ina idadi ya abiria. Ina uzito. Haina mstari hata mmoja unaosema kama gari hilo liliitwa na aliyelitengeneza, na kama lilirekebishwa. Rangi ya gari haijawahi kumuua mtu.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Jibu la kwanza: ni gharama. Gharama ipi? Gari linakaguliwa Japani kabla ya kupakiwa, kwa sababu KEBS inadai hivyo, na anayelipia ukaguzi huo mwishowe ni mnunuzi. Mkaguzi tayari amesimama mbele ya gari, anaandika nambari ya chesisi kwa mkono wake. Aiandike mara ya pili kwenye tovuti ya kampuni. Likionekana halijarekebishwa, lirudi kwa wakala wa hukohuko Japani, libadilishwe pampu bure, ndipo lipande meli. Hapo ndipo mahali pa bei nafuu kuliko pote duniani pa kutengeneza gari hilo. Sisi tunapaacha, tunakuja kulipa Mombasa Road.

Jibu la pili: tovuti ni za Kijapani. Nambari ya chesisi ni herufi za Kilatini na tarakimu. Watu wanaonunua magari kwenye minada ya Japani kwa simu ya mkononi wakiwa Katoloni hawawezi kuniambia kwamba Kijapani kimewashinda. Tena angalia jambo hili: tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafuta magari yaliyoitwa inataka nambari ya tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani yana nambari fupi zaidi, kwa hiyo hata mwenye bidii anayetafuta kwa Kiingereza anaambiwa nambari yake si halali, anafikiri gari lake liko salama. Liko nje ya orodha, basi.

Jibu la tatu nalipenda zaidi: "Hayo ni mafuta machafu." Gari likizima Kenya, mshtakiwa wa kwanza ni kituo cha mafuta. Na hakukosekana sababu. Mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli na petroli miaka mingi kwa sababu yalikuwa rahisi, hadi 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kwa hiyo dhana hiyo ina msingi. Lakini dhana si kipimo. Kuna geji ya kupima shinikizo la mafuta, na fundi anayejiheshimu anayo. Bila geji, anaosha tanki, anabadilisha chujio, anabadilisha plagi, na wewe unalipa kila mara. Mwisho anafika kwenye pampu. Anakuletea nyingine ya mitumba, imetoka kwenye gari la mwaka uleule, la modeli ileile. Unaona? Unaweza kuondoa kigurudumu kilichovimba ukaweka ndugu yake ambaye bado hajavimba.

Jibu la nne ni la wazee: ajali haina kinga. Naheshimu methali, lakini jambo lililoandikwa kwenye orodha, likapewa nambari, likajulikana chanzo na dawa yake, hilo silo ajali. Ni kazi ambayo mtu hakuifanya.

Kwa wanaoona nakuza mambo, fikirini barabara tunayoitumia kila siku. Unatoka Athi River unakuja Makutano ya Kyumvi. Mbele yako lori, nyuma yako lori, yote yanafanya kazi ya bandari ya Mombasa. Unatoka kulipita la mbele, na pampu inasimama. Mguu uko kwenye mafuta na gari halikusikii. Breki zina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili kwa msaada wa injini, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Lori la nyuma halijui habari za plastiki iliyovimba. Dereva wake anaona gari dogo limesimama katikati ya njia, na anahitaji mita nyingi kulisimamisha lake. Baadaye ripoti itasema "dereva alipoteza udhibiti". Hakuna atakayetoa pampu kwenye tanki kuiangalia.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hiyo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Mimi si wakili, lakini Kiswahili naelewa. Kama habari ipo, inapatikana kwa kuandika nambari moja, na taasisi inayo nambari hiyo, basi kunyamaza si kukosa uwezo.

Ninachodai ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kamati. KEBS iongeze mstari mmoja kwenye fomu ya ukaguzi wa Japani: gari liliitwa au halikuitwa, likarekebishwa au bado. Lisilorekebishwa lisipewe cheti. NTSA ichukue nambari za chesisi ilizo nazo tayari, iziombee majibu kwa kampuni za magari, na imtumie mwenye gari ujumbe, kama inavyomtumia anapohamisha umiliki. Na wenye maduka ya magari waonyeshe jibu hilo kabla ya kupokea amana.

Kazi hiyo ya pili, ya kulinganisha orodha mbili za nambari, kijana aliyemaliza mwaka wa pili wa kompyuta anaiandika kabla ya chai ya saa nne. Nasema hivi kwa sababu nimezoea kuona zabuni za mamilioni kwa mifumo ambayo hakuna anayeitumia.

Wakati tukisubiri, jisaidie. Toa logibuku, soma nambari ya chesisi, ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari lako, uiandike. Kama unataka kununua, muuzaji akuonyeshe jibu hilo kwanza, na akikataa, weka pesa mfukoni. Kama gari lako limeanza kutetemeka na kusitasita bila sababu, usiruhusu mtu afungue tanki kabla hajaweka geji. Na kama limo kwenye orodha, usilichukue barabara kuu ukijiambia kwamba limekufikisha salama miaka miwili. Plastiki hiyo ilikuwa inafyonza petroli miaka yote miwili.