Mambo ya Nyumbani: Kuku Achechemeaye

Watu wengi wakiona kuku achechemea husema, "Huyu ni wa kisu tu." Lakini mtetea atagaye ni akiba ya nyumba. Basi mshike jioni, akiwa ametulia, umtazame miguu.

Ukiona magamba yameinuka na kufanya ukoko mweupe, hiyo ni kazi ya vidudu vidogo mno vichimbavyo chini ya magamba. Vikiachwa, kuku hushindwa kwenda, hata vidole huweza kukatika. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wala usibandue ukoko kwa nguvu. Ikiisha kukauka, ipake vaselini, ili vidudu vikose pumzi. Rudia kila juma hata magamba mapya yatoke. Mafuta ya taa usitumie, maana huunguza ngozi. Safisha na fito walalazo, uwatazame wenziwe pia, kwa kuwa huambukizana.

Lakini kuku kijana akilala mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, yaelekea ni ugonjwa wa Marek, ulioelezwa kwanza mwaka 1907. Huo hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, siku ile kifaranga aanguliwapo. Mtenge, umpe maji karibu. Na asipoinuka, usimwache ateseke. Hapo ndipo kisu kiwapo huruma.