Taa Inawaka, Maji Je?

Jamani, leo nina hasira, nivumilieni.

Kwenye ploti ninayoishi hapa Nairobi tunatumia maji ya kisima. Mwenye nyumba alifunga mtambo wa kusafisha maji kwa miale ya urujuanimno, ile UV, akapandisha kodi, akatuambia tuache kuchemsha. Juzi mtoto wa dada yangu alikuja likizo, akaharisha siku nne. Siwezi kuapa kwamba ni maji, lakini nilienda kuuangalia huo mtambo. "Unafanya kazi, si unaona taa ya buluu?" msimamizi akaniambia. Taa yenyewe haijabadilishwa tangu 2022!

Sisi wanaprogramu tunalijua kosa hili: programu inaandika "SAWA" kwenye skrini bila kukagua chochote.

Msinielewe vibaya, UV ni teknolojia safi. Mwaka 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua kwa sababu ya kimelea kiitwacho Cryptosporidium, na maji yao yalikuwa yametiwa klorini! Ganda la kimelea hiki huivumilia klorini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba UV kidogo tu inakiweza: huharibu DNA yake, kisiweze kuzaana tumboni mwako.

Lakini miale hiyo haionekani kwa macho. Buluu unayoiona siyo inayofanya kazi. Taa nyingi za aina hii hutakiwa kubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi, na mwaka mmoja una saa 8,760. UV hufifia, buluu inabaki. Maji yakiwa na tope, au chokaa ikiganda kwenye kioo kinachoifunika taa, miale haifiki. Stima ikipotea, maji yanapita hivihivi. Tena, tofauti na klorini, UV haiachi kinga yoyote: tangi chafu litayachafua maji upya.

Halafu muuzaji anakwambia, "Funga, usahau." Uongo mtupu! Mtambo usio na kihisi cha kupima miale, na vali ya kufunga maji miale ikipungua, ni pambo la ukutani. Kihisi kinaongeza bei? Sawa, basi mwambie mteja ukweli kabla hajalipa.

Nawe msomaji, muulize mwenye nyumba wako: taa ilibadilishwa lini? Chujio liko wapi? Kihisi je? Akibabaika, washa jiko. Mimi nimesharudi kwenye sufuria.