BARAZA YA NYUMBANI: Mbwa, Mlima na Maji ya Udhu



Ndugu zangu wasomaji, katika baraza ya mwezi huu nataka kulizungumza jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wakalikunjia uso kabla sijafika mwisho. Nalo ni kijana wa Kiislamu kwenda kutembea mlimani kutwa nzima hali ameandamana na mbwa. Nawaomba mnistahimili. Sikuandika haya ili kuwahimiza watu wafuge mbwa; nimeandika kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe, na katika kunipata nikafunzwa dini yangu na mtoto wa dada yangu.

Dada yangu ameolewa Lushoto, katika milima ya Usambara. Shemeji yangu analima mahindi na mboga kwenye mteremko ulio karibu na msitu, na kila aliyelima huko anajua kwamba pasipo mbwa, nguruwe mwitu na nyani ndio watakaovuna. Basi anaye mbwa mmoja, jina lake Simba, ambaye kibanda chake kiko nje, mbali na mlango wa nyumba. Mwanawe wa miaka 15 ndiye anayemlisha, na siku za mapumziko humchukua wakapanda mlima pamoja. Jambo hili lilimchukiza sana bibi yake. Akisema, "Mbwa ni wa shamba, mjukuu wangu, si wa matembezi. Iko siku utaikosa sala kwa ajili yake."

Nilipokwenda kuwazuru wakati wa kiangazi, kijana akaniambia, "Mjomba, twende sote kesho, uone kwa macho yako." Nikakubali, nusu kwa kupenda milima, na nusu kwa kutaka kumjua mtoto anakwenda wapi.

Kabla ya kuanza safari, na tuiweke sheria mahali pake. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kufuga mbwa bila ya haja, akatueleza kuwa anayefanya hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku, bali akavua mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba, na wanazuoni wakamkisia humo mbwa wa kulinda nyumba. Katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la wanyama tuliowafunza, na katika Suratul Kahf amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini pao akiwa pamoja nao. Kwa hiyo aliye na mbwa kwa haja hana lawama, naye akitembea naye njiani hakuharibikiwa na kitu.

Lililobaki ni twahara. Sisi wa pwani hii na bara yake aghalabu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mbwa ni najisi nzito: palipoguswa naye hali pana majimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Wafuasi wa Imamu Malik wao wanaona mbwa ni twahara. Nataja hilo ili kijana asimdharau Mwislamu mwenziwe wa madhehebu mengine, si ili kila mtu achague lililo jepesi.

Basi tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Tuliiacha njia ya Irente inayopendwa na wageni, ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mombo ikaonekana chini kama mkeka uliotandikwa. Tukashika kijia chembamba cha wakata kuni, kilichopita ukingoni mwa mashamba kisha kikaingia katika mikaratusi. Saa tatu nzima hatukukutana na mtu ila mama mmoja na mzigo wake. Kijana alipomwona kwa mbali aliifupisha kamba ya Simba, akasimama naye chini ya njia, akatoa salamu, akangoja mpaka mama yule alipopita. Nikafurahi moyoni. Njia ina haki zake, na anayeiogopa najisi ya mbwa ana haki juu ya mwenye mbwa.

Tulikuwa na chupa mbili za maji tu, na kosa hilo ni langu. Nilikumbuka kijito nilichokunywa miaka ya nyuma, nikamwambia kijana hapana haja ya kubeba mzigo. Tulipofika adhuhuri kijito kilikuwa mawe matupu. Tukatawadha kwa uchache katika chupa ya kwanza, tukasali, tukala mihogo yetu, tukageuka. Na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaa la pili: penye njia panda nilichagua kijia kisichokuwa chetu. Kikatuteremsha mbali kwenye jua kali, kikaishia katika shamba la mtu lisilokuwa na mtu. Simu ya mkononi ilishika mtandao na kuukata. Ikatubidi tuupande tena mteremko ule ule.

Tuliporudi kileleni ilikwisha kuwa saa 11 jioni. Alasiri ilikuwa imeingia zamani, na nyumbani hatukuweza kufika kabla ya Magharibi. Simba alikuwa amelala kivulini, ulimi nje, anahema kwa haraka mbavu zikimpanda na kumshuka, na alipoitwa asimame miguu ilimyumba. Katika chupa ya pili yalibaki maji ya kutosha mtu mmoja kutawadha kwa shida.

Nikachukua chupa nikasema, "Tawadha wewe, mwanangu, mimi nitatayamamu." Kijana hakuipokea. Akatazama chini, kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, niwie radhi. Katika Safina tulisomeshwa sababu za kutayamamu ni tatu. Ya tatu ni nini?"

Nikanyamaza. Safinatun Najaa ya Sheikh Salim bin Sumayr ni kitabu kidogo ambacho watoto wa vyuoni kwetu hukihifadhi kabla hawajaota ndevu, nami nilikihifadhi. Sababu ya kwanza ni kukosa maji. Ya pili ni maradhi. Na ya tatu ni maji kuhitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima. Kisha kitabu kinawataja wasiokuwa na heshima hiyo, na miongoni mwao ni mbwa mkali anayeuma watu. Simba hakuwa huyo. Simba ni mlinzi wa shamba, hajamdhuru mtu. Kwa hiyo maji yale yalikuwa haki yake, na udhu wetu sote wawili ulikuwa udongoni.

Fikirini, ndugu zangu. Nilikuwa nimeisoma mas-ala hii zaidi ya miaka 40, na sikuwahi kuidhania kuwa itasimama mbele yangu ikihema.

Kijana alikuwa amelisahau kopo la mbwa nyumbani, akaanza kuvua kiatu chake, akikumbuka hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji khofu yake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Nikamzuia nikicheka. Tulichimba kishimo kwa fimbo, tukatandika ndani yake jani la mgomba tulilofungia mihogo, tukamimina kidogo kidogo mpaka chupa ikawa tupu. Kisha tukatafuta udongo safi wenye vumbi, tukatayamamu, uso na mikono mpaka viwikoni, tukaelekea kaskazini kukielemea mashariki kidogo, maana ndiko kibla cha huko, jua likiwa mkono wetu wa kushoto. Tukasali rakaa nne kamili. Kwa sababu matembezi ya kutwa hayafiki masafa ya marhala mbili, nayo hayamruhusu mtu kupunguza sala.

Baada ya robo saa Simba alisimama. Penye njia panda ya pili, giza likianza kuingia, mimi nilitaka kwenda kulia naye akaivuta kamba kushoto. Tukamfuata. Punde tukasikia adhana ya Magharibi ikipanda kutoka bondeni. Sidai kwamba maji yale ndiyo yaliyotuokoa, nasema nililoliona.

Sasa enyi vijana, msiseme nimewafungulia mlango kisha nikawaacha gizani. Anayetaka kupanda mlima kwa siku moja kupitia njia zisizopitwa na wengi, na ashike haya.

Kwanza, pimeni wakati. Mskoti mmoja aitwaye William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo inatumika hata leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita 12 zenye mpando wa mita 600 ni saa tatu na nusu hivi, bila ya mapumziko wala sala. Wekeni saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke hata kama kilele mnakiona. Waambieni watu wa nyumbani mnapita wapi, maana katika njia kama hizo hapana wa kumwuliza.

Pili, mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; hujipoza kwa kuhema. Chukueni maji yake mbali na yenu, na chombo chake peke yake, ili musiwe na haja ya kuosha mara saba mahali pasipo na maji hata ya mara moja. Wekeni mgongo wa mkono juu ya jiwe. Likikuunguza wewe, linamwunguza na yeye nyayo. Akianza kuyumba, kivuli kwanza, kisha maji kwa kunywa na kwa kumlowesha tumbo na miguu.

Tatu, kamba isitoke mkononi karibu na mbuzi, watoto na msitu wenye mbega na paa. Katika Hifadhi za Taifa msimpeleke kabisa. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaliwaingia simba wa Serengeti, na karibu thuluthi yao wakafa. Na kwenye misitu mingine ya hifadhi ulizeni kwanza ofisi ya misitu.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: mbwa achanjwe. Kichaa cha mbwa dalili zake zikisha kutokea kwa mtu, ni nadra mno kupona, na karibu watu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885, hivyo dawa ipo. Kinachoua ni kuchelewa. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kumwona mbwa atakuwaje.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa kibarazani na taa. Hakuuliza tulikuwa wapi; aliuliza, "Alasiri je?" Kijana akamweleza yote, tangu kijito mpaka jani la mgomba. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, si mjukuu wake, akasema, "Na wewe, mtu mzima, ukaenda mlimani na chupa mbili?"

Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyatenda tuliyoyasoma, na awajaalie watoto wetu kutukumbusha tunapoyasahau. Amin.

Wabillahi taufiq.