Jembe la Shule na Daftari Lake

Jumapili iliyopita jirani yangu alibisha hodi mapema, hata chai haijaiva. Binti yake, aliyehitimu darasa la saba, anakwenda kukaa kwa shangazi yake Kilosa na kuanza kidato cha kwanza huko katika mkondo wa amali. Na amali yenyewe ni kilimo.

"Ndugu yangu," akaniambia, "mimi nililikimbia jembe nikaja mjini kutafuta kazi. Leo nimnunulie mwanangu sare ili akalirudie?"

Sikumcheka, na wewe msomaji usimcheke. Wengi wetu tuliosoma zamani tulilijua jembe la shule kama fimbo nyingine ya mwalimu. Aliyechelewa mstarini alipimiwa ngwe. Aliyefaulu hesabu akasamehewa kulima. Katika shule niliyosoma mimi tulilima mahindi miaka minne, na siku ya mavuno magunia yakapakiwa katika lori. Yalikuwa mangapi? Yaliuzwa wapi? Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuthubutu kuuliza.

Wala sivyo ilivyokusudiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba la shule. Alitoa hata mfano: fedha waliyoichuma wenyewe, je, waikodi trekta ya kutayarisha shamba, au walime kwa nguvu zao na fedha ifanye jambo jingine? Miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Nijuavyo mimi, jembe lilifika shuleni upesi. Lile swali la trekta likasahauliwa njiani.

Sasa, kwa mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024, amali imerudi. Nilimwambia jirani yangu kwamba kama kuna mahali pa kuijaribu kweli, basi ni huko anakokwenda bintiye. Karibu na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti cha Ilonga, na chuo cha kilimo kipo hapo hapo. Mahindi ya Staha na Kito, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1983, ni matunda ya utafiti wa huko. Staha huvumilia ugonjwa wa milia; Kito hukomaa mapema, mvua inapokuwa fupi. Tena mbegu hizo mkulima aweza kuzichagua katika mavuno yake na kuzipanda msimu ujao, ilhali mbegu ya chotara ikirudiwa hupoteza nguvu. Kwa nini iwe hivyo? Hilo ni somo la baiolojia, na binti atalielewa upesi akiliona shambani.

Tukachukua kalamu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,012. Ukipanda mahindi sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, shina moja kila shimo, utapata mashina yapata 4,500. Tuseme kila shina litoe gramu 100 za punje: hizo ni kilo 450, yaani magunia manne na nusu ya kilo mia. Toa sasa mbegu, mbolea, magunia, na siku za palizi. Jirani yangu, ambaye ni karani wa ghala, alianza kuvutiwa hapo. Aliniomba karatasi ya pili.

Lakini hesabu za sebuleni hazijui mvua. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaufurika mji wa Kilosa na kukata reli. Atakayelima bonde lile lenye rutuba hana budi kujua maji yanapita wapi. Na ukishuka Mikumi, mpakani mwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, tembo huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Ipo njia ya kuwazuia: kamba za mkonge zinazungushwa shamba, zikatundikwa vitambaa vilivyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu. Tembo hachukii kitu kama harufu ile. Mvua ikinyesha huna budi kupaka upya, na asiyepaka atalia asubuhi. Mwalimu wa kilimo anayefundisha Mikumi bila kumtaja tembo, mimi simwelewi.

Chai ilikuwa imepoa. Jirani yangu alikunja karatasi zake, akasimama, kisha akarudi kuketi.

"Nikubali. Lakini hayo magunia manne na nusu, atakula nani?"

Nilimjibu kwamba mimi sijui, ila swali hilo aende nalo Kilosa siku atakapompeleka binti, akamuulize mkuu wa shule kwa adabu, mbele ya wazazi wengine, na aombe kuonyeshwa daftari la shamba la mwaka jana.

Ameniazima kalamu yangu aiandike isisahaulike. Hajairudisha.