Mama Mkwe Anapotoka Kubadilishwa Nyonga

Mwezi huu tuzungumzie nyonga. Wengi wetu hapa Karatu na kule Ngorongoro tunao wazazi ambao nyonga zimesagika, au walioanguka wakavunjika shingo ya paja. Wengine hupelekwa KCMC Moshi au MOI Dar es Salaam kuwekewa nyonga ya bandia.

Ndugu huuliza gharama na siku ya kutolewa nyuzi. Hawaulizi daktari amepitia upande gani, na hilo ndilo linaloamua mgonjwa akatazwe nini nyumbani.

Akipitia nyuma, penye tako, hukata misuli midogo inayozungusha paja, kisha huishona. Kabla haijapona, nyonga inaweza kuchomoka mgonjwa akiinama sana, akipishanisha miguu au akigeuza mguu kwa ndani. Kwa kawaida hukatazwa hayo kwa wiki 6 au zaidi. Sasa fikirini maisha yetu: kigoda mbele ya mafiga, choo cha kuchuchumaa, kitanda kifupi, na kule Endulen nyumba ya Kimaasai ambayo huingii bila kuinama. Yote hayo ni hatari kwake.

Akipitia mbele, hupenya katikati ya misuli. Wengi huacha magongo mapema kidogo, ingawa baada ya miezi michache tofauti huwa ndogo sana. Basi msimdharau daktari aliyepitia nyuma. Hapa cha kuogopa ni mguu kwenda nyuma huku umegeuzwa nje. Akipitia ubavuni, misuli inayozuia kuchechemea ndiyo huguswa, nayo huchukua muda kupata nguvu.

Kwa hiyo kabla hajarudi, mwiteni fundi atoboe kiti imara cha mbao kiwekwe juu ya tundu la choo. Kimo chake kiwe cha kutosha ili akikaa magoti yasizidi nyonga. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Safarini akae kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, na gari lisimame mara kwa mara anyooshe miguu. Kigoda chake kifichwe kabisa, maana mama wakwe wengine hawavumilii kuona ugali unasongwa na mwingine!

Mguu ukionekana mfupi ghafla kwa maumivu makali, asivutwe wala kukandwa. Arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akivimba kigimbi au akikosa pumzi.