BARUA MOJA, TENA HAINA JINA



Mwezi uliopita tuliomba barua za gazeti hili. Tukapata moja tu, nayo haina jina. Ninyi wa Yamumbi mnaoshuka Eldoret kila alfajiri, njiani mwasema mengi juu ya saa za ziada zisizolipwa. Mbona kwenye karatasi mwanyamaza?

Najua, ni hofu, nayo haikuanza leo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka 22, aliandika "Kenya: Twendapi?" Hakikuwa kitabu, zilikuwa karatasi za kugawa mkononi, kama hizi zetu. Akafungwa miaka mitatu, peke yake chumbani. Humo akatunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yakatoka mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! (Mimi hucheka kila nikikumbuka.)

Ushujaa huo nausifu, lakini mzigo ulimwangukia mtu mmoja. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walisahihisha na kuucheza wenyewe mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ukapigwa marufuku, Thiong'o akatiwa kizuizini. Hata hivyo wanakijiji walirudi na mchezo mwingine, mpaka jukwaa lao likabomolewa mwaka 1982.

Basi barua ya saa za ziada itiwe sahihi na watu kumi, si mmoja. Asiyejua kuandika aseme, mwenziwe aandike. Stensili hukatwa Ijumaa jioni.